Utamaduni wetu unasingiziwa kuhusu Kaizen

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja inayozuka kila mara kampuni ya kigeni inapoleta katika viwanda vyetu mfumo wa Kijapani wa kuboresha kazi hatua kwa hatua na kuondoa upotevu wa muda, nguvu na mali, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la Kaizen. Mfumo ukisuasua, mameneja hawakawii kuulaumu utamaduni: mfanyakazi wa hapa, wanadai, ni mwoga na hawezi kumweleza mkubwa wake kasoro.

Sikatai kwamba kuna ukweli fulani hapo. Nikiwa msimamizi wa zamu, nimemwona kijana wa kitengo cha kufungasha akiacha chupa zenye lebo zilizokaa upande zipite mbele yake, ilhali kitufe cha kusimamisha mtambo kilikuwa karibu na mkono wake. Mtambo ule ulikuwa chini ya fundi mwenye umri wa baba yake, na kuusimamisha mbele ya watu kungekuwa kumuumbua mzee. Wakati wa chai alimfuata pembeni, akaanza kwa kuomba radhi, kisha akamweleza. Taarifa ilifika, ila ilikuta katoni nyingi zimekwisha kufungwa, kwa sababu kampuni iliweka njia moja tu ya kusema, tena ile ambayo mtu mwenye adabu zake angeikwepa.

Hata hivyo, anayeona kwamba tatizo hili ni letu peke yetu atazame yaliyotokea Marekani. Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilichofungwa mwaka 1982, kilikuwa na sifa mbaya ya utoro, migogoro na magari yenye kasoro. Toyota ilipoingia ubia na kampuni hiyo, uzalishaji ukaanza tena mwaka 1984 kwa jina la NUMMI, wengi wa wafanyakazi wale wale wakarudishwa, baadhi wakapelekwa Japani kujifunza, na kila mmoja akaruhusiwa kuvuta kamba ya kusimamisha mtambo pale anapoona kasoro. Ubora ulipanda haraka. General Motors ilipojaribu kuupeleka mfumo huo katika kiwanda chake cha Van Nuys, katika jimbo hilo hilo, ulikwama, ingawa wafanyakazi wa huko nao walikuwa Wamarekani, wanachama wa chama kile kile cha wafanyakazi. NUMMI ilikuwa imewaahidi watu wake kwamba haitawapunguza kazi isipokuwa hali ya kampuni iwe mbaya kweli kweli, na mahitaji ya magari yaliposhuka miaka michache baadaye, ahadi hiyo ilitimizwa.

Kwetu, jambo hilo la ajira halizungumzwi kabisa. Kibarua anayelipwa kwa siku, akiambiwa aonyeshe upotevu, anafahamu vizuri kwamba kazi ya watu wanne ikifanywa na watatu, wa nne ataambiwa getini kesho asubuhi kwamba hakuna nafasi, na huenda akawa ndugu yake aliyemleta mwenyewe. Kunyamaza kwake ni hesabu, na meneja angekuwa katika nafasi hiyo angenyamaza vilevile.

Wizara ya Viwanda, ambayo imekuwa ikieneza Kaizen kwa msaada wa Japani, iwatake wenye viwanda waandike katika mikataba na vyama vya wafanyakazi kwamba hakuna atakayepoteza kibarua kutokana na pendekezo la kuboresha kazi. Kampuni nazo ziruhusu kikao kifupi kabla ya zamu, ambapo kasoro itasemwa na kundi kupitia mtu waliyemchagua wenyewe, na mafunzo yaanze na mameneja.

Msimamizi wa zamu,
Morogoro