Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mama alitoa ubongo wake, hakupatikana wa kuupokea

Mheshimiwa Waziri,

Marehemu mama yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Ugonjwa wa kusahau ulipoanza, akiwa bado anajijua, alituita wanawe akatuambia: "Nikifa, ubongo wangu wapeni madaktari wauchunguze." Alilisema kama mtu anayegawa madaftari darasani, nasi tukacheka.

Siku alipofariki tulipiga simu huku na huko. Wa kwanza walidhani tunafanya masihara. Wa pili walitaka fomu ya ridhaa, na fomu yenyewe hawakuwa nayo. Ubongo unafaa uhifadhiwe kabla siku haijaisha. Sisi siku hiyo tuliimalizia kwenye simu. Tukamzika.

Sina ugomvi na waliopokea simu. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba jambo hili ni kazi yao, na ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa mmojawapo wa kusahau umepewa jina lake, alichunguza kwa hadubini ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, aliyefariki akiwa na miaka 55. Akaona uchafu ulioganda katikati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua uchafu ule ni protini ya amiloidi, na nyuzi zile ni protini ya tau. Lakini daktari huyo alikuwa amemhoji mgonjwa wake tangu 1901, akaandika majibu yake neno kwa neno. Bila maandishi yale angebaki na ubongo usio na habari ya mwenyewe.

Nchini Marekani, katika utafiti ulioanzishwa na David Snowdon mwaka 1986, watawa 678 walikubali kupimwa kumbukumbu mara kwa mara na kutoa ubongo wao baada ya kufa. Wapo waliokutwa na amiloidi na tau tele, ilhali walikufa na akili zao timamu. Hapo ndipo ninapokosa usingizi, Mheshimiwa. Kilichowakinga ni nini? Huwezi kukitafuta kama huna vyote viwili: ubongo, na maandishi ya jinsi mwenye nao alivyoishi. Tena wazee wengi hukutwa na zaidi ya ugonjwa mmoja: amiloidi hapa, mishipa midogo ya damu iliyoziba pale, yote ndani ya kichwa kimoja.

Washauri wako huenda wakakwambia siku hizi kuna kipimo cha damu kinachoonyesha tau, kwa hiyo ubongo wa maiti wa nini. Kipimo ni kizuri, nakiunga mkono. Ila waulize kilithibitishwa vipi. Kilipimwa dhidi ya picha za ubongo, na dhidi ya ubongo wa watu waliokubali kuutoa.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye dimensia, yaani magonjwa ya kusahau, wamezidi milioni 55, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ubongo mwingi uliochunguzwa, hata hivyo, umetoka nchi tajiri.

Ninachoomba si jengo la kukatiwa utepe. Naomba fomu ya ridhaa inayoeleweka, ambayo mtu ataijaza angali na akili zake. Naomba simu inayopokelewa hata usiku wa manane, na mtaalamu wa patholojia, yaani daktari wa kuchunguza maiti, wa kuja. Zaidi ya yote, naomba watu waanze kufuatiliwa tangu miaka 50, wapimwe presha, sukari, usikivu na kumbukumbu, kwa kuwa mabadiliko haya ya ubongo huanza miaka 15 au 20 kabla mtu hajaanza kupotea njia ya kwenda kwake. Najua miaka 20 ni mingi kuliko muhula wa waziri yeyote.

Mimi na dada yangu tumeshaandika ridhaa zetu kwa mkono na kuzitia saini. Tuambie tuzipeleke wapi.

Wako,
Mtoto wa mwalimu wa hesabu