Barua kwa mwanangu: Nimefika milioni mia

Mwanza, Julai 2025

Mwanangu Neema,

Marahaba mama. Sisi huku hatujambo, baba yako anakohoa kidogo kwa vumbi la chaki lakini kazini anakwenda. Hofu ni kwako uliye mbali, kwenye baridi ya Dodoma. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe lina hesabu ndani yake, na wewe nikianza hesabu kwenye simu mtandao huwa unakusumbua ghafla.

Jambo ni hili. Tarehe 30 Juni nilipofunga mahesabu ya nusu mwaka, mali yangu ukitoa madeni ilivuka shilingi milioni mia moja. Milioni 100.2, tukitaka kuwa wakweli. Najua mimi, anajua baba yako, na sasa unajua wewe. Wajomba zako hawajui. Sijawaficha, hawajaniuliza.

Ile kaunta buku ya jalada jekundu unayoitania kila ukija likizo, ndiyo hiyo. Kila Juni na Desemba nachora safu tatu: mali, thamani yake leo, na inaniletea nini kwa mwaka. Ukurasa wa safari hii una hatifungani za serikali, yaani hela niliyoikopesha serikali, milioni 50, vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, milioni 38.6, hisa za NMB na CRDB milioni 9.1 kwa bei ya sokoni ya siku ile, na kikoba cha kazini milioni 3.4. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, deni la SACCOS laki tisa, lile la mabati, ambalo Krismasi haitalikuta.

Utaona nyumba ya Nyegezi haimo, wala viwanja vya baba yako vya Kisesa. Hapo ndipo tunapogombana kila Desemba. Yeye anasema mtu mwenye nyumba na viwanja vitatu hawezi kuambiwa ana milioni mia tu, anajidharau. Mimi namwambia nyumba tunailala, haitulipi. Na kiwanja kinakuwa hela siku kinapouzwa, na tangu tuoane sijamwona akiuza hata kimoja. Mali ninayoihesabu kwa ajili ya kustaafu ni ile inayoweza kunilipa nikiwa nimekaa kibarazani. Baba yako ni mwalimu, ana PSSSF yake, pensheni ya watumishi wa umma, anaweza kujipa raha ya kupenda ardhi.

Na NSSF yangu, mfuko wangu wa pensheni, pia sikuiweka humo. Michango yangu ilishapita miezi 180 zamani, kwa hiyo pensheni ya kila mwezi nitaipata, lakini mapema kabisa ni miaka 55 kwa hiari, na lazima ni 60. Mimi nataka kuacha kazi nikiwa na 52. Kwa hiyo hii milioni mia, na nyingine zitakazoongezeka, kazi yake kubwa ni kunivusha ile miaka mitatu bila mshahara wala pensheni, kisha ikaishi pamoja na pensheni baada ya hapo.

Labda utauliza haraka ya nini. Maabara ya hospitali ukiifanya kwa zamu za usiku zaidi ya miaka ishirini, magoti yanakuambia. Darubini nazo zimeshakula macho yangu. Kuhesabu vimelea vya malaria saa tisa usiku si kazi ya mtu wa miaka sitini, ingawa wapo wanaoifanya kwa sababu hawana pa kwenda. Sina mpango wa kufungua biashara, mtu asikudanganye. Nataka kulala usiku kama watu, na nataka kukaa na bibi yako Sengerema wiki mbili mbili bila kuomba ruhusa kwa mtu. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni hii, kisingizio cha foleni ya kivuko nacho kimekwisha.

Bibi yako ndiye sababu nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Alilima pamba maisha yake yote. Mkulima hana kiinua mgongo, hana mwajiri wa kumchangia. Mpango wake wa uzeeni ulikuwa watoto wanane, na huwezi kusema alikosea, kwa sababu umefanya kazi: anakula, anatibiwa, paa halivuji. Ila kati ya wale wanane, wanaotuma kila mwezi ni wawili. Wengine wanatuma msiba ukitokea. Mimi ndiye NSSF ya bibi yako, Neema, na nimekuwa hivyo tangu mshahara wangu wa kwanza, wewe ukiwa bado unatambaa. Sijuti, wala sijawahi kumhesabia. Lakini kuna miaka ambayo hela ya bibi na ada yako ya shule ziligongana mlango mmoja, na najua ilinichelewesha kiasi gani.

Sasa na wewe umeanza. Tangu uajiriwe, kila tarehe 28 simu yangu inalia: laki moja kutoka kwa Neema. Mara ya kwanza nililia, sitasema uongo. Nikamwonyesha mama wa duka la jirani hata kabla ya baba yako. Lakini ukiendelea hivi miaka ishirini, utakuwa umechukua nafasi ileile niliyokuwa nayo mimi, na mtoto wako naye atachukua yako. Mimi mshahara ninao na kuponi, yaani riba za hatifungani, ninazo. Laki yako kwangu inaishia kwenye nyanya na umeme, sioni hata ilikopita.

Kwa hiyo nakuomba, na ombi la mama unajua uzito wake: kuanzia mwezi ujao usinitumie. Elfu ishirini mtumie bibi moja kwa moja, na uweke na ya kutolea, maana yeye makato humuuma kuliko wewe unavyodhani, na akipokea kutoka kwa mjukuu kijiji kizima kitajua kabla ya jioni. Elfu themanini zilizobaki nunua vipande kwa jina lako, unanunua kwa simu hiyohiyo unayonitumia. Nimepiga hesabu: elfu themanini kila mwezi, ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka na hujaigusa, baada ya miaka ishirini inakuwa kama milioni 60. Milioni 60 za wakati huo hazitanunua kinachonunuliwa na milioni 60 za leo, na mfuko hauahidi asilimia 10. Ila zitakuwa zako. Siku ya sikukuu ukinitumia hela ya kitenge nitapokea, mimi si mtakatifu.

Nikueleze sasa jinsi zilivyofika, kwa sababu najua mashangazi wanasema mama Neema bahili. Milioni kumi za kwanza zilichukua muda mrefu kuliko arobaini za mwisho. Hapo mwanzo ni mshahara tu na zamu za ziada kwenye maabara binafsi, unaweka elfu hamsini, mwezi unaofuata mtu anaugua. Mfuko wa Umoja wa UTT ulianza mwaka 2005, mimi niliingia miaka michache baadaye kwa sababu mwenzangu wa kazini alikuwa ananikera na karatasi zake. Mwaka 2009 CRDB walipouza hisa kwa umma, hisa moja shilingi 150, nilinunua kwa hela ya kijumbe badala ya kununua makochi. Makochi hayo baba yako anayataja mpaka leo. Hisa zenyewe zimepanda mara kadhaa na gawio wanatoa, lakini kuna miaka zilikaa pale pale hata ukasahau kama unazo, na mtu wa haraka angeuza.

Kilichobadilisha mambo ni hatifungani. Unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu, kuanzia milioni moja, inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mwisho wa muda inakurudishia hela yako yote. Milioni 30 zangu ziko kwenye ya miaka 20 niliyoinunua kidogo kidogo kabla ya 2022, kuponi yake asilimia 15.49. Aprili 2022 Benki Kuu ilipunguza kuponi, ya miaka 20 ikashuka hadi 12.10, na ya miaka 25 ikatoka 15.95 hadi 12.56. Kazini watu walisusa. Mimi nilizipigia hesabu upya, nikaona 12.56 kwa robo karne, na riba yake haikatwi kodi, bado hakuna akaunti ya akiba inayoikaribia, nikaanza kununua hiyo ya miaka 25 mpaka zikafika milioni 20. Wanaojua zaidi wataniambia ile ya 15.49 ningeweza kumuuzia mwekezaji mwingine, kwenye soko la upili, kwa bei ya juu kuliko niliyonunulia. Huenda. Mimi kwenye kaunta buku naiandika kwa thamani ileile nitakayorudishiwa, basi.

Piga hesabu nami. Ile ya kwanza inanilipa 4,647,000 kwa mwaka. Ya pili 2,512,000. Jumla 7,159,000, yaani karibu laki sita kila mwezi, nikiwa nimelala au niko macho. Nyumba yetu, pamoja na hela ya bibi, inakula laki tisa. Kwa hiyo theluthi mbili ya maisha yetu sasa inalipwa na karatasi. Hiyo kwangu ndiyo habari kubwa kuliko milioni mia yenyewe. Milioni mia ni namba nzuri ya mviringo, mtu unaipenda kwa sababu ya masifuri yake.

Ungedhani basi ikifika laki tisa naacha kazi. Hapana. Kuponi haipandi. Itakuwa ileile mwaka 2040 wakati sukari haitakuwa bei hii. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8, wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba mwaka ule chai ilikuwa ya rangi. Sasa hivi uko karibu na asilimia 3, na watu wameshasahau. Mimi sijasahau. Kwa hiyo nataka siku ninapoacha kazi nile nusu ya kinachoingia, nusu nyingine iwe mbegu, kama bibi anavyotenga mahindi ya kupanda hata mwaka wa njaa. Laki tisa ikiwa ndiyo nusu, inabidi iingie kama milioni 1.8 kila mwezi, na kwa hesabu hiyo nahitaji kama milioni 200.

Baba yako amesoma mahali kuhusu Mmarekani, William Bengen, ambaye mwaka 1994 alipitia takwimu za masoko ya kwao akaona mstaafu akichota asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akiongeza kila mwaka kwa kiasi cha mfumuko wa bei, akiba inamtosha angalau miaka 30. Ndipo wenzetu wanapozidisha matumizi ya mwaka mara 25. Kwetu ingekuwa milioni 270. Baba akaniletea hiyo namba kama mtu aliyekamata mwizi. Nikamjibu kwamba yule alipima hisa na hatifungani za Marekani. Huku riba ni kubwa zaidi na mfumuko wa bei una tabia yake. Lakini ile milioni 270 nimeiandika pembeni kwa penseli, usimwambie.

Siku ile ya tarehe 30 sikufanya sherehe. Nilipotoka kazini nilipita Mwaloni nikanunua sato mkubwa, yule wa kulaza kwenye sinia na mkia ukabaki nje. Baba yako alipofunua akauliza, leo nani anakuja? Nikamwambia hakuna. Akala mpaka kichwa, ndipo nikamwonyesha ukurasa. Akauangalia muda mrefu akasema, na viwanja je?

Kazini kwako najua watu wanakopa kwenye simu tarehe 15 na kausha damu tarehe 20. Sina hotuba hapo. Ukibanwa, niambie mimi kwanza.

Kilichobaki ni makaratasi. Namba za akaunti ya hatifungani, za vipande na za hisa ziko ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Nywila haziko hapo, nitakwambia kwa mdomo. Kwenye vipande nataka wewe uandikwe mrithi. Kwa hatifungani na hisa tutaandika wosia wenye kutaja msimamizi, kwa sababu bila hivyo ndugu wanakaa kikao baada ya kikao kumtafuta wa kupeleka mahakamani, na unawajua wajomba zako na vikao. Baba yako anajua kaunta buku ninapoiweka, ila anasema mwandiko wangu ni wa cheti cha dawa, kwa hiyo usimtegemee.

Ukija Desemba njoo na nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha ndogo nne, mandhari ya buluu. Piga hukohuko Dodoma, huku wiki ya Krismasi studio zote zinajaa.

Mama yako