Mwanangu, ukifika Paris tazama mikono

Mwanangu mpendwa,

Usipange safari ya makumbusho Jumatatu wala Jumanne: Orsay hufungwa Jumatatu, Orangerie Jumanne. Nataka uingie zote mbili siku moja, kwa ajili ya picha moja.

Mwishoni mwa 1891 au mwanzoni mwa 1892 serikali ya Ufaransa ilimtaka mchoraji Pierre-Auguste Renoir atoe picha ya kuwekwa kwenye jumba la makumbusho la Luxembourg, hapo hapo Paris, lililohifadhi kazi za wasanii walio hai. Akachagua wasichana wawili kwenye piano, akairudia picha hiyo hiyo mara kadhaa. Rasimu yake iko Orangerie. Iliyonunuliwa na serikali iko Orsay.

Anza na rasimu. Brashi inakimbia, na nyuma ya wasichana chumba hakijakamilika. Kisha katiza bustani ya Tuileries, uvuke daraja la miguu la Léopold-Sédar-Senghor (ndiyo, yule yule Rais wa kwanza wa Senegal), utokee Orsay. Huku sebule imejaa: pazia, kiti, chombo cha maua juu ya piano. Hilo la maua lingemkera fundi yeyote, maana maji yakipenya ndani mbao huvimba na vibonye hukwama.

Picha ina kimo cha sentimita 116 na upana wa 90, kwa hiyo unaweza kuisogelea. Wengi huishia kwenye nyuso, ambazo kwa ladha yangu Renoir amezilainisha kupita kiasi. Wewe tazama mikono. Msichana aliyeketi, mwenye gauni jeupe na mshipi wa buluu, ameweka mkono wa kulia kwenye vibonye. Wa kushoto umeshika karatasi ya nota. Basi hapigi wimbo mzima, kwani sauti nzito za chini ni kazi ya mkono wa kushoto. Anajaribu mstari kwa mkono mmoja, kama mwanafunzi yeyote kabla ya kuunganisha yote miwili. Mwenzake ameinama, anafuata karatasi ile ile.

Piano yenyewe ni ile ya kusimama wima, ya kuegemeza ukutani. Ndiyo iliyoenea majumbani karne ile, kwa kuwa piano ndefu ya mkia ilidai chumba kikubwa, na kwa familia zenye uwezo kumfundisha binti piano kulikuwa sehemu ya malezi.

Simu iache mfukoni kwanza. Hufanya mpako wa rangi uonekane bapa. Kisha niandikie: kwenye karatasi ile, umeona hata nota moja inayosomeka?