Nyasi zako hazijaugua: kwa nini shina hukauka katikati

Ikifika Septemba, hapa kitaluni huanza kuja lalamiko lilelile. Juzi dada mmoja wa Isevya, hapa Tabora, alitutumia picha ya nyasi zake za zambarau, zile zenye masuke laini kama mkia wa paka, alizonunua kwetu miaka minne iliyopita. Pembeni zimechipua vizuri, katikati kumekauka kabisa. Alikuwa ameshapulizia dawa ya wadudu mara mbili. Fedha ile inaniuma, maana tungemweleza siku ile aliponunua, asingeitumia.

Si ugonjwa, ndivyo nyasi hizi zinavyokua. Machipukizi mapya hutokea pembezoni mwa shina, kila msimu yanasogea nje kidogo, na yale ya mwanzo yanabaki katikati yakizeeka. Tulipoling'oa lile shina, lilikuwa na umbo la kata ya kubebea ndoo: duara bichi kuzunguka, na ndani makapi makavu ambamo kidole kilizama bila kugusa mzizi ulio hai. Kama una mchaichai wa siku nyingi nyuma ya jiko, kauangalie.

Tiba yake ni jembe na panga. Ngoja mvua za Novemba zikaribie. Kata majani yabaki urefu wa kiganja, chimba shina zima, lipasue. Chukua vipande vya pembeni, kila kimoja na machipukizi yasiyopungua matano na mizizi yake, upande upya siku hiyohiyo kabla mizizi haijakauka. Cha katikati kitupe kwenye mboji. Shina la yule dada lilitoa vipande saba. Tafadhali usifanye hivi Juni. Kipande kilichopoteza nusu ya mizizi yake hakiwezi kuvuka kiangazi cha Tabora kwa maji ya ndoo mbili kwa wiki. Na usihangaike kutafuta mbegu: hizi za zambarau karibu hazizai mbegu, miche yake hupatikana zaidi kwa kugawa.

Ukoka ni habari nyingine. Wenyewe hutambaa, juu ya ardhi na chini yake, na kila pingili inayogusa udongo huota mizizi. Kwa uwanja wa watoto hakuna bora kuliko huo. Lakini ukiupanda kando ya maua, msimu ujao utaukuta katikati ya maua. Mteja anayetaka kupamba ukingo wa njia tunamkatalia ukoka hata akiwa na fedha mkononi, tunampa mchaichai au vetiva, nyasi nyingine ndefu inayokua kwa shina moja lisilotambaa. Vetiva hasa kwa wenye viwanja vya mteremko: mizizi yake hushuka wima, huweza kufika mita 3, na shina hubaki palepale ulipolipanda.

Kugawa mashina tunakuja kufanya nyumbani kwako, hapa mjini, kuanzia katikati ya Oktoba. Vipande vyote vinavyopatikana ni vyako. Vikizidi nafasi uliyonayo, tutavinunua.