Shahidi Anayeitwa na Pande Zote Mbili

Malindi, Jumapili baada ya Alasiri

Kwako ndugu yangu mpenzi, Mwalimu Athmani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni juu yako na wote walio nyumbani. Bi Zuhura anakusalimu na anauliza kama goti limepona au bado unalitumia kukwepa safari. Nisamehe kwa kimya cha tangu Mfungo Mosi, ambacho sina udhuru nacho ila uvivu. Leo imenibidi niandike kwa kuwa nimeingizwa katika jambo nisilolitaka, na sioni namna ya kulitoka bila ya msaada wako.

Nasri amerudi kutoka Nairobi. Bila shaka umekwisha kusikia, maana habari za aina hii hufika Lamu kabla ya basi, kwamba ametamka barazani kwetu, mbele za watu na kikombe cha kahawa mkononi, kuwa haamini tena kama Mungu yupo. Sitakueleza mamake alivyolipokea hilo. Lililonishangaza mimi ni kwamba tangu usiku ule, kwa Ijumaa tatu mfululizo, hakuna hata mmoja aliyejadiliana naye juu ya Mungu. Wanajadiliana juu ya historia. Ungepita njia ukawasikia, ungedhani ni watahiniwa wa kidato cha nne wakikumbushana: nani alichoma nini, nani aliua wangapi, mwaka gani.

Kila upande una rundo lake la mawe. Nasri alianza na maktaba ya kale ya Iskandaria huko Misri, akasema khalifa Sayyidna Umar aliamuru ichomwe, na kwamba vitabu vyake vilipasha moto hamamu za mji, yaani mabafu ya umma, kwa miezi 6. Maalim Shee hakukana, wala hakuuliza kisa hicho kimetoka wapi. Aliokota jiwe lake tu, akakumbusha kwamba tarehe 5 Desemba 1931 serikali ya Stalin ililipua kwa baruti kanisa kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow, na kwamba Albania mwaka 1967 ilijitangaza kuwa nchi isiyo na dini, ikafunga misikiti na makanisa pamoja. Hayo ni kweli. Lakini watu walipompigia makofi akanogewa, akaongeza la Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, kusikia adhana huko na kusilimu. Hapo, ndugu yangu, niliinamia kikombe changu.

Armstrong aliishi hadi mwaka 2012 akilikanusha jambo hilo, na serikali ya Marekani ililazimika mwaka 1983 kuziandikia balozi zake ili ziwaeleze watu kwamba hakusilimu. La Iskandaria nalo si bora kuliko hilo. Waislamu waliingia Misri karibu na mwaka 640, nao walioandika kisa cha hamamu ni watu wa karibu na mwaka 1200 na baada yake, yaani kwa zaidi ya miaka 500 hakuna aliyekitaja, awe Mwislamu au Mkristo. Jambo kubwa kiasi hicho lilale karne tano, kisha liamke likiwa na hesabu kamili ya miezi!

Nami sina haki ya kucheka. Miaka 22 nimesimama mbele ya ubao nikiwafundisha watoto wa watu kwamba mwaka 1492 mabaharia wa Columbus waliogopa kudondoka ukingoni mwa dunia, kwa sababu kanisa liliwaaminisha kuwa dunia ni bapa. Kumbe wasomi wa Ulaya walijua tangu kale kwamba dunia ni mviringo, na walibishana na Columbus juu ya ukubwa wake tu, ambapo wao ndio waliokuwa sahihi. Kisa cha ukingo kilienezwa na Mmarekani, Washington Irving, katika kitabu chake cha mwaka 1828, naye alikuwa mtunzi wa hadithi kabla ya kuwa mwanahistoria. Ijumaa ya pili Nasri alikileta kisa hicho kama ushahidi wa ujinga wa waumini, kisha akageuka kunitazama nimuunge mkono. Nilijua amekipata wapi: alikuwa akikaa dawati la pili, upande wa dirisha. Nikanyamaza.

Usiku uleule ukaingia utumwa. Maalim Shee alisema Uislamu ulihimiza kuwaacha watumwa huru, na Nasri akajibu kwamba mashamba ya nafaka ya Malindi na Mambrui yalilimwa na watumwa wa watu waliosali jamaa mara tano kwa siku, na kwamba utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, tena kwa amri ya Mwingereza. Wote wawili walisema kweli. Lakini Mzee Baraka, ambaye bibi yake alishika jembe katika mashamba hayohayo, alikuwa amesimama katikati yao na dele lake la kahawa, na nilisikia vikombe alivyokuwa akivigonganisha vikinyamaza. Hakuna aliyemuuliza lolote. Akamimina, akapokea pesa, akaendelea na njia yake, na wale wawili wakaendelea kurushiana bibi yake.

Ijumaa ya tatu ndiyo iliyoniharibia usingizi. Nasri alisema, ya Roma na Moscow yaacheni, nendeni Shakahola. Huko si mbali, wala si zamani: tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na sisi wa Malindi tuliwaona kwa macho yetu jamaa zao wakisubiri nje ya chumba cha maiti ili wapimwe vinasaba. Maalim Shee alijibu haraka kwamba hayo ni ya Wakristo, si yetu. Mwalimu Katana, ambaye ni Mkristo na alikuwa amekaa nasi kama kawaida yake, alikiweka kikombe juu ya jiwe taratibu, akatuaga kila mmoja kwa jina lake, akaenda zake. Hajarudi. Wewe unajua kwa nini, nami nilijua, na bado sikufungua mdomo.

Sasa wamenitaka Ijumaa ijayo niwe mwamuzi, kwa hoja kwamba mimi ni mwalimu wa historia mstaafu na sina upande. Upande ninao, na wote wanaujua, lakini nimekubali kwa sharti moja ambalo sikulitafuta mbali: isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi wa habari. Wazee wetu hawakupokea kauli ya Mtume bila ya kuuliza ni nani aliyeisikia, aliisikia kwa nani, na kama wawili hao waliwahi kukutana. Inakuwaje basi tunapokea habari za mwezini kutoka katika simu ya mtu tusiyemjua? Atakayeleta tukio ataje nani aliyeliandika, miaka mingapi baadaye, na alikuwa na haja gani.

Nimelijaribu sharti hilo peke yangu kwa ushahidi wa mji wetu wenyewe. Francis Xavier, padri wa Kijesuti, alitia nanga hapa mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika mtu wa chombo chao aliyefariki, na katika barua aliyoiandika Goa Septemba mwaka huo alisema mkubwa mmoja wa mji alimlalamikia kwamba ibada imepungua, kiasi cha misikiti 17 ya Malindi kubaki 3 tu inayohudhuriwa. Nasri akiipata barua hiyo atasema imani ilikuwa ikifa hapa tangu enzi za babu zetu. Maalim Shee atasema padri kasingizia. Mimi naona shahidi wa karibu, aliyeandika ndani ya miezi michache, jambo ambalo Iskandaria haina. Lakini ni shahidi mmoja, mpita njia aliyekaa siku chache, na aliyekuwa ameshaamua kabla ya kushuka pwani kwamba dini ya wenyeji haimpendezi Mungu. Kwa hiyo naupokea ule mlalamiko, kwa kuwa wazee wa kila mji hulalamika hivyo hadi leo, na kuhusu 17 na 3 nasita. Nilipofika hapo nikatambua kwamba nimekaa saa nzima na barua ya padri bila ya kutaka kumshinda mtu yeyote, na sikumbuki mara ya mwisho kusoma historia namna hiyo.

Narudi kwenye sharti langu la isnadi, kwa sababu ndipo ninapokwama. Mlango huu nikishaufungua, sitaweza kuufunga ninapotaka. Nasri si mjinga; ataiacha Iskandaria yake ianguke kwa kukosa isnadi, kisha ataomba isnadi ya miujiza. Chukua kusulubiwa kwa Nabii Isa. Wanahistoria walio wengi, wenye dini na wasio nayo, wanasema alisulubiwa chini ya Pilato, wakitegemea barua za Paulo, zilizoanza kuandikwa kama miaka 20 baada ya tukio, na Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo. Sura ya Nisaa yatwambia hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Katika jambo hilo Nasri na Katana watakaa benchi moja, na mimi na Maalim Shee tutakaa la pili. Mgawanyiko wa waumini huku na wakanamungu kule, ambao baraza zima linaukubali, unavunjika kwa swali moja tu la historia. Mimi naamini niaminivyo, na sioni haya. Lakini nikisema naamini kwa sababu ya historia nitakuwa nimesema uongo, na nikisema historia hainihusu nitakuwa nimemkimbia kijana niliyemfundisha mwenyewe kuuliza.

Basi nisaidie. Wewe uliyesoma kwenye chuo cha msikiti wa Riyadha hapo Lamu, waweza kuniandikia ukurasa mmoja tu wa kanuni za wapokezi, kwa maneno ambayo hata asiyeamini atayakubali? Je, wanazuoni waliitumia mizani hiyohiyo kwa habari za wafalme na vita, au waliilegeza? Muujiza waweza kupimwa kwa isnadi peke yake, au wahitaji kwanza mtu anayekubali kwamba muujiza wawezekana? Na akisema hakubali, kuna la kujadili tena, au ndipo tulipopaswa kuanza Ijumaa ya kwanza? Nikiri mbele ya baraza lile la dunia bapa, au nimwambie Nasri faraghani? Nimwite Mzee Baraka aseme, au huko nako ni kumtumia? Na Katana, aliyekuheshimu wewe siku zote kuliko sisi, huwezi kumwandikia mistari miwili?

Barua hii nampa kijana wa basi aishushe Mokowe, kwenye jeti ya kuvukia Lamu. Mtume mtu akaichukue kabla haijasomwa na jeti nzima. Jibu likifika Alhamisi litanifaa.

Wasalaam,
Nduguyo Mbarak

Baada ya kuandika haya nilipita kwa Katana. Mwanawe alisema baba hayupo, na nyuma yake nilisikia redio ikipunguzwa sauti. Nimeacha miwani yake, aliyoisahau barazani usiku ule.