Vumbi la mbao linyonywe pale pale kwenye mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Magazeti yanaandika sana habari za vijana kujiajiri, na kweli huku kwetu Igombe na Mwanza nzima siku hizi kijana akipata mtaji kidogo ananunua msumeno wa meza na mashine ya randa anazifunga uani, anaanza kutengeneza vitanda na milango, watoto wanacheza hapo hapo, ugali unasongwa hapo hapo. Mikopo inaandikwa, masoko yanaandikwa, ila vumbi hakuna anayeligusa na mimi ndo linaniuma.

Nina karakana nyuma ya nyumba mwaka wa tisa sasa. Miaka yote ya mwanzo niliamini mlango ukiwa wazi na barakoa ipo usoni basi yameisha. Kilichonifumbua macho ni umeme kukatika. Jioni moja nilikuwa napasua mninga, umeme ukaondoka, nikakaa nje kama nusu saa nikisubiri urudi, ukagoma, nikaingia na tochi ya simu kuchukua shati langu. Ule mwanga ulivyokatiza chumbani nikaona vumbi limejaa hewani linaelea taratibu, laini kama moshi wa udi, na mashine zilikuwa zimezimwa muda wote huo. Na dogo ninayemfundisha kazi alikuwa kakaa humo humo kwenye benchi anachati, barakoa kashaivua. Ndo tunavyofanya wote, mashine ikinguruma tunavaa, ikizima tunavua, na lile laini bado lipo pale pale usawa wa pua.

Pumba nene zinazodondoka miguuni unazifagia (na ukifagia kavu unaliamsha tena lile laini). Linaloumiza ni chembe za chini ya maikroni 10 (maikroni elfu moja ndo milimita moja), unywele wa mtu ni kama maikroni 70 hivi kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, hizo zinapita zinakwenda hadi ndani kwenye mapafu. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995, hasa saratani ya ndani ya pua. Na mvule nao una mambo yake, waliowahi kuupasua wanajua ngozi inavyowasha na kifua kinavyobana, ila tunasemaga ni mafua.

Halafu kuna suala la upepo ambalo wavuvi wanalijua kuliko sisi mafundi. Mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, usiku unageuka. Mlango wangu unatazama ziwani, kwa hiyo mchana kutwa nilipokuwa nadhani vumbi linatoka nje, kumbe linasukumwa linaingia jikoni kwa mama watoto.

Nikaweka feni kubwa dirishani isukume nje. Siku ya pili mama jirani akaja na sinia mkononi, dagaa wake aliokuwa amewaanika juu ya nyavu wamepata rangi ya mninga. Akaniambia, "Fundi, hawa nawauza sokoni Mwaloni, nani atawanunua na pumba?" Nilimwomba radhi nikamlipa, na hapo nikaelewa kwamba kulitoa vumbi nje ni kumhamishia mwenzako. Inabidi likamatwe linapozaliwa, kwenye meno ya msumeno, kabla halijapanda hewani.

Nikaanza na bomba la inchi 2 kwa sababu ni rahisi, likaziba siku ile ile na maranda ya mashine ya randa. Watu wengi wanaona inchi 4 ni mara mbili ya inchi 2, hapana, uwazi wake ni mara nne. Vumbi la mbao halihitaji mvuto mkali wa mdomo mdogo kama wa mashine ya kusafishia kapeti, linahitaji hewa nyingi inayokimbia. Kwa hiyo mota ya hospawa 2, feni ya bati nene, bomba la inchi 4 la maji machafu lile la kijivu, na kona usiweke elbo moja kali ya digrii 90, weka mbili za 45 hewa ipinde taratibu. Mpira wenye makunjo weka kipande kifupi tu mwishoni kwenye mashine maana makunjo yale yanaua mwendo. Kila mashine iwe na kigeti chake cha bati cha kusukuma, unafungua unayoitumia nyingine unafunga.

Katikati ya mashine na feni nimeweka koni ya bati aliyoichomelea fundi bati, imekaa juu ya pipa. Hewa inaingia kwa ubavu inazunguka ndani kama maji yanayozama kwenye tundu la sinki, maranda na pumba kwa uzito wake vinabanwa pembeni vinateremka pipani, hewa inapanda katikati inakwenda kwenye feni. Uzuri wake mwingine ni misumari. Sisi huku tunatumia sana mbao za mitumbwi ya zamani, msumari ukipita ukagonga panga la feni ni cheche, na mbele ya feni kuna mfuko umejaa unga mkavu wa mbao, hapo unaita moto. Koni ikiwa kabla ya feni msumari unaishia kwenye pipa.

Pipa lenyewe usiweke la plastiki. Mimi niliweka lile la bluu, siku moja dogo kafunga vigeti vyote mota ikiwa inazunguka, pipa likajikunja kama kopo lililokanyagwa, mlio wake ulileta majirani. Sasa nina la chuma la lita 200. Bomba la plastiki nalo linachaji umeme, ukiligusa linakupiga, nikazungushia waya wa kopa mtupu nikaupeleka ethi, yaani ardhini, na fundi umeme akakagua.

Feni na mfuko viko nje kwenye kibanda cha bati nyuma ya ukuta, sababu mfuko wa kitambaa hata uwe mzito kiasi gani lile laini kabisa linapenya, na bora lipenye huko kuliko kichwani kwa dogo. Mwenye uwezo atafute chujio la maikroni 1. Maranda ya paini nampa mama jirani kwa ajili ya vifaranga, ila ya mvule na unga wa MDF (zile mbao za kiwandani) hapana, MDF ina gundi yenye fomaldehaidi siwezi kumpa mtu aweke bandani.

Gharama yote haikufika bei ya seti moja ya makochi. Ndo maana nasema mtu anayenunua mashine ya randa ahesabu na hiyo kabisa kwenye mtaji, asiseme nitaweka baadae, mi nilisema baadae na ikapita miaka.

Wiki iliyopita umeme ulikatika tena usiku nikamulika tochi. Kwenye msumeno na randa hewa iko safi kabisa, ila kwenye benchi la msasa bado kuna ukungu, maana msasa wa mkono hauna pa kufunga bomba. Nimefikiria kutengeneza meza yenye matundu inayonyonya kwa chini lakini sijapata mvuto wa kutosha. Kama kuna fundi msomaji wa gazeti hili ameshaliweza hilo namwomba aandike kwenye ukurasa huu huu, atuambie matundu ya ukubwa gani na mota gani.

Fundi seremala,
Igombe, Mwanza