Kabla ya tawi la pili, funga hesabu za duka la kwanza

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa biashara ndogo hapa nchini hauchukui muda kabla haujaangukia kwenye mtaji. Mwenye duka la vyakula akikwama, anashauriwa mkopo. Sisi tunaoshinda na madaftari ya maduka tunaona jambo jingine: maduka mengi yanayokwama, mtaji yanao, ila hakuna anayejua uko wapi. Umo kwenye sukari inayozidishwa mizanini, kwenye unga uliopelekwa nyumbani bila kuandikwa, kwa wateja wa mkopo, na sehemu kubwa imeliwa kwa jina la faida. Kuliongezea fedha duka la namna hiyo ni kutia maji kwenye pakacha.

Nianze na hilo la faida, maana ndilo linalowamaliza wengi. Mfanyabiashara anasema anaweka asilimia 20. Amenunua kwa 10,000, anauza kwa 12,000. Ni kweli, 2,000 ni asilimia 20 ya bei ya kununulia. Lakini jioni anachokiangalia ni droo. Imo 300,000, anapiga asilimia 20, anatoa 60,000 na kuiita faida. Kumbe katika kila 12,000 iliyoingia faida ni 2,000, yaani sehemu moja ya sita. Kwenye 300,000 faida ni 50,000 tu. Ile 10,000 ya ziada ni mtaji, na kwa siku 30 inafika 300,000. Hapo kodi ya fremu, umeme wa LUKU na mshahara wa kijana wa duka bado havijaguswa. Miezi michache baadaye rafu za juu zinapangwa maboksi matupu, na mwenye duka anasema hali ya biashara imekuwa ngumu.

Kwa hiyo mwenye duka ajipangie mshahara, kiasi kimoja kwa wiki, aupokee kama mfanyakazi mwingine yeyote. Unga, mafuta au sabuni vikienda nyumbani viandikwe kwenye ukurasa wake kwa bei ya kununulia, na mwisho wa wiki vikatwe kwenye mshahara huo.

Hesabu ya kila siku ndiyo mtambo wenyewe. Anayewashauri wenye maduka waandike kila mauzo hajawahi kusimama kaunta saa 12 jioni, watoto sita wamenyoosha mikono, mmoja anataka kiberiti, mwingine robo ya sukari. Haiwezekani, na daftari la hivyo huachwa ndani ya wiki. Chagueni bidhaa 12 zinazobeba fedha nyingi za duka: sukari, sembe, ngano, mchele, maharage, mafuta ya kula, sabuni, soda, maji na nyingine kama hizo. Kila jioni chukua zilizokuwepo asubuhi, jumlisha zilizoingia, toa zilizobaki. Jibu ndilo lililouzwa. Lizidishe kwa bei. Pipi, viberiti na vikorokoro vingine vihesabiwe kwa boksi: boksi likifunguliwa, liandike kuwa limeuzwa lote. Siku moja moja hesabu itayumba kwa sababu hiyo, lakini kwa wiki inakaa sawa.

Upande wa pili ni fedha. Droo ianze asubuhi na chenji ileile kila siku, tuseme 30,000. Jioni, chenji hiyo jumlisha mauzo, jumlisha madeni yaliyolipwa, toa waliokopa leo, toa matumizi, toa iliyoingia kwa lipa namba, yaani malipo ya simu: kinachobaki kiwe ndicho kilichomo kwenye droo. Kila matumizi, hata maji ya kunywa ya 500, yawe na kikaratasi humohumo. Jumla ya lipa namba isomwe kwenye simu ya duka, si kwenye ujumbe anaouonyesha mteja, maana jumbe za kughushi ni nyingi. Na namba iwe ya duka. Ukipokelea kwenye namba yako binafsi, ada ya shule, mchango wa harusi na mauzo vitachanganyika, na hakuna mhasibu atakayevitenganisha.

Fedha isipolingana, watu hukimbilia kumshuku muuzaji. Anzeni na mizani. Kila kilo ya sukari ikizidi gramu 20, mfuko wa kilo 50 unatoa kilo 49. Kwenye robo ni kubaya zaidi, kwa sababu kosa linajirudia mara nne: robo ikizidi gramu 10, mfuko unatoa kilo 48. Duka linalomaliza mifuko miwili kwa wiki kwa mtindo huo linagawa bure karibu kilo 200 kwa mwaka, na mwenye duka anajiona ana mkono mzuri kwa wateja. Pimeni asubuhi kabla ya foleni, mtu mmoja, robo, nusu na kilo, uzito wa karatasi usihesabiwe kama sukari, kisha andikeni mfuko umetoa ngapi. Mizani ikae juu ya meza isiyoyumba, na ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka kama inavyotakiwa.

Soda ina njia yake rahisi. Kama duka lina kreti 10 za chupa 24, basi zilizojaa na tupu kwa pamoja ziwe 240 kila jioni. Zikiwa 231, kuna chupa 9 mtaani, na chupa ni fedha. Wengi huhesabu zilizojaa tu.

Mkishamaliza mizani, chupa, bei iliyobadilika bila muuzaji kuambiwa, na bidhaa zilizoharibika bila kuandikwa, ndipo mzungumze na mfanyakazi. Tabia ya kukata mshahara kila penye upungufu inazaa kitu kimoja: upungufu unafichwa. Tena si halali kukata kiholela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, awe amekubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kinachosaidia ni makabidhiano: zamu inapobadilika, wawili wahesabu pamoja fedha na zile bidhaa 12, wote watie sahihi. Na anayepokea mzigo asiwe ndiye anayeulipia.

Kuhusu kuagiza mzigo, hisia zina gharama. Kama unauza mifuko mitatu ya sembe kwa siku, mzigo unafika siku mbili baada ya kuagiza, na unataka akiba ya siku moja, basi siku tatu mara mifuko mitatu ni tisa. Funga utepe mwekundu kwenye mfuko wa tisa kuhesabia kutoka ule utakaouzwa mwisho. Muuzaji akiufikia, anaagiza, bila kumpigia mtu simu. Mfumo huu huharibika kwa namna mbili. Mzigo mpya unawekwa mbele ya wa zamani, sembe ya nyuma inaingia wadudu; au mzigo unafika na utepe hausogezwi, kwa hiyo unafikiwa mapema na duka linajaza stoo bure. Mwezi wa Ramadhani na siku za kuelekea Krismasi namba ya tisa haifai, ipigwe upya kwa mauzo ya wakati huo.

Madeni nisiyatie maneno mengi: kila mteja awe na kikomo, aandikiwe akiwepo, na asiyelipa ndani ya mwezi asiongezewe.

Programu za simu na kompyuta ni nzuri, ila zije baada ya hayo. Duka lisilohesabu kwa kalamu halitahesabu kwa programu; litapata tu takwimu za uongo zilizochapwa vizuri. Hata mashine ya EFD isichukuliwe kuwa inatunza stoo. Kazi yake ni risiti za kodi, lakini ripoti yake ya Z, inayojumlisha mauzo ya siku, ni ya kulinganisha na daftari. Na wale wanaokadiriwa kodi wakumbuke kwamba jedwali la makadirio limetenganisha mwenye kumbukumbu na asiyekuwa nazo. Karatasi za hesabu zipigwe picha kila wiki na nakala ikae mbali na duka. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, la Karume Januari 2022, na Novemba 2024 ghorofa likaporomoka Kariakoo. Daftari lililokuwa chini ya kaunta huondoka na kaunta.

Tawi la pili lifunguliwe lini? Pale mwenye duka anapoweza kukaa pembeni wiki mbili mfululizo, akarudi na kukuta bidhaa 12 na droo vinasomeka. Kama lazima awepo ndipo hesabu zikae sawa, duka la pili litakula la kwanza.

Ombi langu ni kwa halmashauri zetu, zinazotenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa vikundi ambavyo tayari vinafanya biashara, pamoja na katiba na muhtasari wa kikao, ziombe karatasi za kufunga hesabu za wiki nane zilizopita. Karatasi moja kwa wiki inatosha. Kikundi kisichokuwa nazo kifundishwe kuzijaza na kipewe wiki nane, fomu yake ikisubiri mezani.

Mtunza vitabu vya maduka,
Dar es Salaam